Keji Haiko

Mkasa huu ulimpata Lemi, fundi wa simu na mashine za gemu pale Onduparaka, karibu na mpaka wa Kongo. Majirani zake huusimulia mchana tu.

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Théodore, mfanyabiashara wa kutoka Kongo, alimletea mashine kuukuu ya gemu, yenye pedi mbili za kuchezea na maikrofoni.

"Fundi, hii ilizaliwa mbele ya wakati," alisema. "Mwaka elfu mbili tayari iko inasikia mutu na kumujibu. Watu hawakuielewa, kampuni ikaiacha."

"Inajibu kwa lugha gani?"

"Kijapani. Utaoa mke wa pili huko."

"Mmoja ananimaliza," Lemi alicheka. Mkewe, Agnes Keji, alikuwa kwao Koboko tangu Jumapili, akimsaidia mama yake kusaga karanga.

Théodore alipoondoka, Lemi aliunganisha mashine na pedi moja. Kwenye runinga ikatokea nyumba yenye ua mtupu. Spika ikakwaruza.

"Keji."

Lemi alikulia Koboko. Mtoto yeyote wa huko anajua: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza. Lakini jina hili halikuwa lake. Alidhani Théodore anamtania, akaisogelea maikrofoni, akajibu kama anavyojibiwa mgeni mlangoni.

"Keji haiko."

"Iko wapi?"

"Iko Koboko. Kwa mama yake."

"Asante."

Hakikuwa Kijapani; kilikuwa Kiswahili cha Koboko, ambako hata mtu ni "iko".

Ua kwenye runinga ukabadilika. Kando ya mlango palikuwa na jiwe la kusagia, limemeguka pembe moja. Lemi alilijua jiwe hilo. Ni la mama mkwe wake.

Akapiga simu.

"Wewe vipi?" Keji alisema. "Unapiga simu na uko hapo nje unaniita?"

"Umeitika?" Lemi alinong'ona.

"Si ni sauti yako? Nimeitika. Ninatoka."

"Usitoke. Keji, usitoke."

Alisikia ndala zikiburuzwa sakafuni. Hatua tatu. Nne. Kisha kimya. Simu haikukatika.

Hatua ya tano ilitoka kwenye runinga.

Lemi alichomoa waya. Akaitia mashine na vifaa vyake vyote ndani ya sanduku la chuma, akafunga kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Saa nane alikuwa Koboko. Mama mkwe, Natalina, alimwonyesha ndala mlangoni na simu juu ya jiwe. Ilikuwa bado inahesabu dakika.

"Alisema mume wake amefika," mama alisema. "Alitoka hata mikono hajanawa."

Polisi walimtafuta wiki tatu, hadi mpakani. Hawakupata kitu.

Théodore alipoifuata mashine yake, Lemi alifungua kufuli mbele yake. Pedi ya pili, ile ambayo haikuwahi kuchomekwa, ilikuwa na alama za vidole vitano. Théodore aligusa moja, akanusa.

Karanga zilizosagwa. Zilikuwa bado hazijakauka.