Mimi Ndiye Marraine Niliyemrudisha Mado

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na nne, ni mjane, ninaishi Naviundu hapa Lubumbashi. Mume wangu hakunipiga hata siku moja. Ninaandika kwa sababu mwanamke mwingine alipigwa, na mimi ndiye niliyempeleka kwa mpigaji. Mkinilaumu sitanuna.

Kwetu hapa ndoa ya kanisa haifungwi bila parrain na marraine, baba na mama wa ndoa. Wanasimama nyuma ya maarusi siku ya harusi, na baadaye ugomvi wowote wa nyumba ile unaletwa kwao. Mimi na mume wangu, Papa Régine kama alivyoitwa kwa jina la binti yetu, tulisimamia ndoa kumi na moja. Nilijivuna, nisiseme uongo! Nikiitwa "Mama Marraine" sokoni, nilitembea kifua mbele.

Ndoa ya Mado ilikuwa ya saba. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye mwenyewe alizaliwa hapa, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, akicheka anaziba mdomo. Mume wake, Donatien, kijana wa hapa hapa, alikuwa fundi umeme katika kampuni ya shaba. Mbele ya watu alikuwa na adabu kupita kiasi.

Halafu ikaja ile miaka ya mwanzo ya tisini. Mnaokumbuka mnakumbuka... Mishahara ilikatika, askari wakapora maduka, pesa za asubuhi jioni hazikununua hata unga. Kisha watu wa Kasai wakaambiwa warudi kwao, hata wale ambao hawakuwahi kufika huko. Wazazi wa Mado walilala stesheni wiki tatu wakingoja treni, wakaondoka na magodoro yao. Mado alibaki kwa sababu ameolewa. Mjini hakuwa tena na shangazi, kaka wala dada. Alikuwa na sisi tu.

Ndipo Donatien akaanza kumpiga. Kazi ilikuwa imekwisha, wenzake wanamcheka kwamba ameweka Mkasai nyumbani, basi hasira zote akazimalizia kwa mke wake. Mimi nilimtetea mume. Nilisema maskini ana mawazo mengi. Leo najiuliza, mbona mawazo hayo hayakumtuma ampige mkubwa wake wa kazi? Mbona hakumpiga askari aliyemnyang'anya redio?

Mado alipokuja mara ya kwanza, mdomo umepasuka, tulifanya kama desturi. Tukawaita wote wawili. Mume akasema kwanza, mke akapiga magoti kuomba msamaha, kisha wakala bukari, ugali wetu, katika sahani moja mbele yetu. Bukari hiyo aliisonga Mado mwenyewe. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba, akasonga kwa mkono wa kushoto. Niliona... Nikamwambia asonge vizuri, isiwe na madonge.

Miezi miwili baadaye alikuja saa sita mchana, pekupeku, mtoto wake Nadine mgongoni. Shingoni alama za vidole. Safari hii hakuomba mashauri.

"Marraine, unifiche siku ine tu," aliniambia. "Kamio ya samaki ya Mama Chanda inarudia Kasenga siku ya posho. Atanipeleka kwa dada yake. Lakini pardon, usiambie Papa."

Mama Chanda alikuwa jirani yao, muuza samaki, mwanamke ambaye sisi wa chama cha kanisa tulimdharau kwa sababu hakuwa na ndoa. Yeye alikuwa tayari amepanga kila kitu: lori la samaki, siku ya Jumamosi, hadi Kasenga kwenye wavuvi. Mimi niliombwa kunyamaza tu. Siku nne!

Jioni ile ile nilimwambia mume wangu. Sikuwa na ubaya moyoni, na hilo ndilo linalonichoma. Waliotusimamia sisi walitufundisha kwamba marraine hamfichi parrain neno lolote la ndoa. Naye Papa Régine, kwa sheria hiyo hiyo, kesho yake akamwambia Donatien.

Donatien alikuja na kuku mkononi, amevaa koti lake la harusi, analia. Papa Régine akaguswa, na mimi pia. Mado akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Marraine, si nilikuambia?"

Alikataa kutoka. Basi mnajua nilifanya nini? Nilimchukua Nadine, nikamfunga mgongoni mwangu kwa kitenge, nikatangulia njiani kuelekea kwao. Nilijua mama atamfuata mtoto wake. Akatufuata.

Siku ya tano tangu nimrudishe, Donatien alimpiga usoni kwa pasi ya makaa. Jicho la kulia likapotea. Aliyempeleka hospitali ni Mama Chanda. Polisi walipoelezwa, swali lao la kwanza lilikuwa, marraine wao ni nani, mbona hawajaenda kwake? Donatien hakulala ndani hata siku moja. Na sisi mwezi uliofuata tukaitwa kusimamia harusi nyingine, tukapewa viti vya mbele. Hakuna aliyetuuliza kitu! Papa Régine alikufa akiamini kwamba tulifuata utaratibu.

Miaka ilipita kabla sijapata uso wa kwenda Kasenga. Mama Chanda alikuwa amempeleka huko alipotoka hospitali, na huko ndiko anakofundisha. Alinipa kiti, akanipa maji, akanipikia samaki. Nikapiga magoti. Akaniinua.

"Nilikusamehe zamani, Marraine," alisema. "Lakini Nadine anaolewa mwezi wa munane. Sitaki ukuye."

Hakutaka nifike harusini. Nikamuuliza nani atamsimamia Nadine. Akaniambia Mama Chanda. Padri alikuwa amekataa kwa sababu mama huyo hana ndoa, na Nadine akajibu kwamba bila yeye hakuna harusi. Padri akalegea.

Nilirudi Lubumbashi na lori la samaki, nikilia njia nzima mbele ya dereva nisiyemjua.

Enyi mama marraine, enyi mashemasi na wazee wa familia, nawasihi. Mwanamke akija kwenu ameumizwa, msimwite mume wake kwanza. Msimpe sufuria asonge. Na akikuomba unyamaze, nyamaza, hata kama aliye kitandani pamoja nawe anauliza. Mimi nilikuwa na siku nne za kumwokoa mtu, na sikumaliza hata moja.