Nywele Kwenye Kola

"Baba, degedege lilimshika kwa muda gani?" daktari aliuliza kwa mara ya pili, karatasi ya majibu ya damu iko mkononi.

"Dakika mbili. Mara moja tu. Nilikuwa nimempakata," mchumba wangu alijibu bila hata kukohoa.

Nilimshika mkono. Homa ilipompanda mwanangu wa miaka miwili, ambaye sasa alikuwa amelala mapajani pangu, nilikuwa kazini kwenye cherehani, na huyu mwanaume, ambaye hata hakumzaa, ndiye aliyebaki naye nyumbani. Harusi yetu ilikuwa Jumamosi. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtu. Mjinga mimi.

Daktari hakuandika.

"Degedege la homa likiwa fupi, tena mara moja, mara nyingi tunatibu homa na kumruhusu mtoto. Ila hizi chembe nyeupe za damu hazinitulizi. Zimekaa kama za watoto waliopata degedege refu, au lililorudia."

"Kwa hiyo damu inasema mimi mwongo?"

"Damu peke yake haiamui, baba. Inanifanya niulize tena. Nikimruhusu kimakosa, linaweza kumrudia akiwa nyumbani. Lilichukua muda gani?"

"Nimeshasema, dokta. Dakika mbili."

Nikafungua mdomo nimtetee. Lakini mimi ni fundi nguo, jicho langu huanzia kwenye kola. Shati lile nilimshonea mwenyewe, na ndani ya kola kulikuwa na vinywele vifupi vimenasa kwenye jasho. Nikapandisha macho. Asubuhi nilimwacha na kichaka kichwani. Sasa kisogo kimechongwa vizuri, kinanukia spiriti.

"Umenyoa saa ngapi?"

Akapeleka mkono kisogoni.

"Nakuuliza wewe. Nilikupigia saa nane hukupokea, ukaniandikia, 'Tumelala, usituamshe.' Mlilala kwa kinyozi?"

"Mpenzi, tuongee nyumbani."

"Hapahapa."

Akainamisha hicho kichwa chake kizuri.

"Alikuwa amelala. Nikasema nikanyoe mara moja, picha za harusi ni kesho. Nikakuta foleni. Niliporudi alikuwa anatetemeka, mkono na mguu wa kushoto tu. Sijui lilianza saa ngapi. Likaacha, halafu tukiwa kwenye teksi likamshika tena."

"Ukakuta foleni," nilisema, "na ukakaa."

Daktari sasa alikuwa anaandika haraka. "Upande mmoja, limerudia, muda haujulikani. Hili si degedege la kawaida. Mama, tunamlaza, vipimo vingine vinaanza sasa hivi."

Nikambeba mwanangu kuelekea wodini. Yule bwana akanifuata kwenye korido.

"Niliogopa ungeniacha. Nampenda kama wangu, unajua."

"Kule kutoka tu ningekusamehe. Hata mimi nimewahi kumwacha amelala nikakimbilia dukani. Lakini dokta amekuuliza mara tatu. Mara tatu umeona heri mwanangu arudishwe nyumbani anaumwa kuliko wewe uonekane vibaya."

Mtoto akafumbua macho begani kwangu, akamwona, akanong'ona, "Baba."

Nilihisi moyo unachanika, sitadanganya. Yeye akanyoosha mikono ampokee. Nikageuza bega.

"Na Jumamosi?" akauliza.

Nesi alikuwa ameshatufungulia mlango wa wodi. Nikaingia, nikamtazama mara ya mwisho, kuanzia kola hadi utosini.

"Kesho nenda kapige picha," nikamwambia. "Umependeza."