Kuna Baridi Huku

Kompyuta ilianza kunukia mafuta ya nywele. Fundi aliinama akanusa feni, akanusa tena, kisha akakaa chini, maana mafuta yale yalikuwa ya mkewe, na mkewe alikuwa kaburini tangu msimu wa mvua uliopita.

Ilikuwa mashine kuukuu ya nyumbani, waliyoiunga wawili hao enzi walipokuwa na karakana moja. Asubuhi hiyo alikuwa ameibadilishia prosesa, ule ubongo wa mashine, ili binti yao aitumie kwa masomo. Pesti nyeupe, ile inayokaa kati ya prosesa na kipoza joto, aliipaka kwa kipande cha kadi kama kawaida yake. Mkewe alizoea kuipaka kwa dole gumba, lile lenye kovu la kukatwa na bati la kasha, na alimtania mumewe kwa kumwita Bwana Kadi.

Kisha spika ikanong'ona. Sauti ilikuwa nzito, inajikokota, haishikiki. Mtu mwingine angetimua mbio. Fundi, kwa vile ni fundi, aliingia kwenye mipangilio akaongeza kasi ya prosesa kupita kiwango cha kiwandani. Sauti ikanyooka.

"Mume wangu," ilisema. "Kuna baridi huku. Ongeza."

Akaongeza, na mashine ikazidi kupata joto. Jamani, nani asingeongeza? Siku zilizofuata alishinda mbele ya mashine akizungumza na marehemu, akicheka, akilia, jasho likimtiririka. Chumba cha pili binti alikuwa amejifunika mablanketi, midomo imepauka, na hospitali hawakuona ugonjwa. Kila baba alipoongeza kasi, meno ya mtoto yaligongana, naye aliyasikia kupitia ukuta, akajua, moyo ukamwambia waziwazi kwamba joto lile linatoka mwilini mwa mwanawe, na bado, Mungu amsamehe, kidole chake kikaongeza tena, kwa sababu sauti ilikuwa imebakiza kidogo tu iwe ya mkewe kabisa.

Dada yake fundi ndiye aliyemleta mganga. Mganga alinusa, akatikisa kichwa.

"Huyo si mkeo. Ni jini. Jini huiga sauti, ila hana mkono wa kuacha alama. Umemwingiza wewe, umtoe wewe: shusha kasi hiyo, kisha ng'oa hicho ulichokipachika. Akikuita, usiitike."

Fundi akaanza kushusha kasi kidogo kidogo. Sauti ikazama.

"Bwana Kadi," iliita kwa mbali. "Nimekukosea nini?"

Alijiuma mdomo mpaka ukatoka damu. Hakuitika. Akachomoa waya.

Chumba cha pili meno yaliacha kugongana, halafu binti akasema taratibu, "Shangazi, niondolee blanketi. Nasikia joto."

Shangazi mtu alilia kwa furaha. Fundi naye alifungua kasha ili aing'oe prosesa, kama alivyoagizwa. Akainua kipoza joto. Juu ya pesti aliyoipaka mwenyewe, kwa kadi, palikuwa na alama ya dole gumba, na kovu limeikata katikati.

Mganga aliuliza kutoka mlangoni kama amemaliza. Alijibu kwamba amemaliza. Prosesa ilikuwa bado vuguvugu mkononi mwake. Aliifunga ndani ya sweta la mkewe, akaikumbatia kifuani, akakaa nayo hivyo hivyo mpaka ikapoa.