Uvimbe Uliorudisha Posa

Mwanamke huanzaje kumweleza mchumba wake kwamba uvimbe umemwota mahali ambapo hata mama yake mzazi hapataji? Afriyie hakulijua jibu, akanyamaza na kuvaa magauni mapana. Tumbo la chini likazidi kututumka, hadi siku ambayo mama wa mchumba wake Dwomoh, aliyeongoza ujumbe wa kugonga mlango, yaani kuleta posa, kama ilivyo ada ya Waasante, alilitazama mara moja tu, akazibeba chupa zake za pombe ya posa, akatoka. Mtaa mzima ulisikia. Dwomoh hakupiga simu tena.

Sasa, katika ukumbi wa hospitali moja mjini Kumasi, Afriyie alipotoka kusomewa majibu ya kipimo cha MRI, alikumbana naye uso kwa uso. Dwomoh alikuwa amemleta mama yake kupigwa picha ya goti.

“Mtoto hajambo?” Dwomoh aliuliza, macho sakafuni.

“Mtoto gani? Keti, Dwomoh.” Uso ulimwaka, lakini akaendelea. “Ni uvimbe wa nyonga, wa aina adimu. Zahanati walidhani ni jipu la ukeni, wakataka kulitumbua. Mashine imeonyesha kwamba lile ni ncha tu. Mwili wake umejichimbia ndani, kama kiazi kikuu.”

“Utakufa?”

“Daktari anasema hauenei mwilini, ila ukikatwa vibaya hurudi. Ndiyo maana walitaka picha kwanza. Hata shanga za kiuno wamenikatia, kwa sababu mashine ina sumaku na vishikizo vya shanga ni vya chuma.”

“Shanga zangu nilizokupa?”

“Zako tangu lini, wewe uliyezima simu?”

Dwomoh alifunika uso kwa viganja. “Nilikuhesabia miezi, mpenzi, nikaona mimba si yangu. Naona aibu hata kukutazama.”

“Mimi niliona aibu kusema. Tumeponzana.”

Mama yake Dwomoh alisogea akichechemea. “Mwanangu, nisamehe. Jioni tutazirudisha chupa kimyakimya. Tutasema ulikuwa ugonjwa wa tumbo tu.”

Afriyie alitamani kuitikia. Ingekuwa rahisi mno. Akasimama, akaikaza kanga yake.

“Hapana, Mama. Kwanza nitafanyiwa upasuaji. Nikipona, mtakuja mchana, majirani wakiwapo, na mimi mwenyewe nitawaambia nilikuwa naumwa nini, na wapi. Dwomoh nitaolewa naye siku hiyo, si kabla.”