Kiboksi Kilichoachwa Tupu

Taa ya laini kwenye adapta, kidude cha kuunganisha kompyuta na simu, iliwaka kabla fundi hajachomeka waya wa simu ukutani. Akaichomoa, akaitikisa, akairudisha. Ikawaka tena, kijani kibichi. "Umeme nao una vituko vyake," akajisemea, akaendelea na kazi.

Kompyuta ilikuwa ya marehemu kaka yake, dude zito la enzi zile, linalowaka kwa kukohoa. Marehemu alikuwa akisahihisha hapo kurasa za gazeti, zikija na kurudi kwa ISDN, laini ya simu ya kupitishia data. Sasa mjane wake alitaka kuishika kazi hiyo. Alilisema hilo bila hamu, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Tangu mazishi alikuwa vivyo hivyo, halii, hacheki. Na binti yao, aliyekuwa kasuku wa nyumba, hakuwa ametamka hata neno moja.

Draiva, programu ya kuiendesha adapta, iligoma kwanza. Adapta na kadi ya sauti ziligombania nafasi moja ndani ya mashine kama wake wenza. Fundi akaihamisha moja, akawasha upya, mambo yakakubali. Kikabaki kiboksi cha kujazia namba kwenye skrini.

"Shem, namba ya laini hii ni ipi?"

"Alikuwa nayo yeye kichwani."

"Basi naacha tupu. Itampokea yeyote atakayepiga."

"Yeyote?"

"Si watu wa gazeti tu? Nani mwingine atapiga huku?"

Ndivyo walivyo mafundi: kitu kikishakubali, hawakigusi tena. Akaketi kunywa chai.

Chai hakuimaliza. Spika zilikwaruza, zikanyamaza, kisha harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa ikajaa sebuleni, mchana kweupe, madirisha yakiwa wazi, na ndani ya kimya kile, kitu kikawa kinavuta pumzi polepole, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi, mpaka kikamwita mtoto kwa jina, kwa sauti ambayo haikuwa ya marehemu lakini ilikuwa inajifunza kuwa yake.

"Usiitike," fundi akanong'ona. "Mwanangu, usiitike."

"Abee, baba," mtoto akasema.

Mama yake akashika ukingo wa meza. Fundi akachomoa waya wa simu, sauti ikaendelea kuita, akachomoa wa spika, ikaendelea, hadi alipoing'oa adapta yenyewe ndipo nyumba ikatulia. Mtoto naye akafunga mdomo. Akarudi kuwa bubu.

"Irudishe," mjane akasema.

"Shem, yule si kaka. Ni jini. Ngoja nijaze namba, hata ya uongo, akose pa kuingilia."

"Najua si yeye." Sauti ilikuwa ile ile ya kuagiza chumvi. "Mimi ndiye niliyemfumba macho alipokata roho. Irudishe, nimsikie mwanangu."

Fundi alishindwa kumkatalia. Akairudisha. Taa ikawaka, harufu ikarejea, na mtoto akachangamka kama zamani.

"Ndiyo, baba. Mama yupo. Na baba mdogo." Akasikiliza, akacheka kidogo, kisha akamgeukia mama yake. "Anauliza tunalala chumba gani."

Fundi akanyoosha mkono kwenye kibodi, kwenye kile kiboksi kitupu. Mjane akaushika mkono ule na kuuondoa taratibu.

"Mwambie, mwanangu," akasema.