Shati la Kiwanda cha Bellandi

Siku ya mazoezi ya mbio za magari, mji mdogo wa Cerda haupitiki. Magari ya mbio yanapanda mtaa mkuu yakinguruma, akina mama wametoa viti nje, na kila mwanamume ghafla ni fundi. Agata alikuwa anakatiza katikati ya vurugu hiyo, ovaroli ya bluu imejaa grisi, kitambaa chekundu kichwani, akagongana na kijana aliyebeba kopo la oili. Oili yote ikaishia kwenye shati jeupe la kijana.

"Hili shati ni la kiwanda," kijana akasema.

"Basi kiwanda kinunue sabuni."

Jina lake Ivano. Kiwanda cha Bellandi cha Modena kilimtuma na lori la vipuri kuzisaidia timu za watu binafsi zilizonunua magari yake. Mojawapo ilikuwa ya Don Liborio, babake Agata: gereji moja, gari moja, dereva ni Gaspare, kakake Agata, na fundi ni Agata mwenyewe. Injini waliazimwa na kiwanda, ikaja imefungwa kwa waya na lakiri, muhuri wa madini ya risasi. Mtu wa kiwanda tu ndiye aliyeruhusiwa kuifungua. Lakiri ikikatwa, injini inarudi kwenye lori na timu inatazama mbio kama watu wengine.

Tangu siku hiyo Ivano hakukosa sababu ya kupita gerejini kwao.

"Huko kwenu Modena na ukungu ule, jua mnaliona kweli?" Agata akamchokoza.

"Nimelifuata huku. Na bosi kaniambia nitafute msaidizi mwenyewe, bado sijamwona anayefaa."

"Macho huna. Shika spana."

Lakini alitabasamu mchana kutwa, na Gaspare alimwona.

Asubuhi, siku moja kabla ya mbio, injini ikaanza kugonga. Ivano akainama, akasikiliza. "Springi za valvu. Nakuja sasa hivi, mpenzi, usiiguse." Akatoka mbio kabla Don Liborio hajauliza mpenzi ni nani.

Hakurudi. Adhuhuri Agata akaenda kumtafuta, akamkuta uani kwa timu ya Baroni, tajiri wa Palermo. Binti wa Baroni alikuwa kwenye kiti cha kitambaa, gauni la njano, miwani ya jua, na Ivano kamwinamia wakicheka. Wivu ukampanda Agata. Alirudi gerejini, akachukua plaizi, akakata waya wa lakiri, akaifungua injini.

"Umefanya nini, mwanangu?" Don Liborio akauliza.

"Kazi ya Ivano."

Muda si mrefu Ivano akaingia anahema, leso mkononi. Ndani ya leso mlikuwa na springi. Za kwenye lori zilikuwa zimeisha. Akaiona lakiri sakafuni.

"Ulikuwa unacheka, Ivano," Agata akasema.

"Nilikuwa naomba springi. Tajiri haombwi kwa kununa."

Agata akakaa juu ya tairi na kulia. Aliona aibu, na aliwaonea huruma babake na kakake kuliko alivyojionea mwenyewe.

"Ifunge upya," Gaspare akamwambia Ivano. "Lakiri nyingine unazo. Nani atajua?"

"Asidanganye kwa ajili yangu," Agata akasema. "Twende kwenye simu."

Wakaenda baa ya jirani. Ivano akapiga Modena.

"Bosi, lakiri ya Don Liborio imekatwa."

"Kaikata nani?"

"Fundi wetu."

"Fundi wetu si wewe?"

"Wa pili. Uliniambia nitafute mwenyewe. Nimempata, ila kaanza kazi kabla sijamwambia."

Agata akamshika Ivano mkono.

"Kaifungua vizuri?" bosi akauliza.

"Hata skrubu moja hajaiumiza."

"Anavaa shati letu?"

Ivano akamtazama Agata. "Analivaa sasa hivi."

"Basi malizeni injini. Mkichelewa kwenye mstari wa kuanzia nawafukuza wote wawili."

Ivano akalivua shati pale pale mbele ya wanywaji kahawa, akabaki na fulana. Agata akalivaa juu ya ovaroli, pamoja na doa lake la oili, mikono ikimpita vidole.

Kesho yake Gaspare alimaliza wa nne, gari la Baroni likiwa nyuma yake. Jioni lori lilikuwa linaunguruma tayari kuondoka.

"Shati langu," Ivano akasema dirishani.

"Nimelichafua mimi, nitalifua mimi. Njoo ulichukue nyumbani Jumapili ijayo."

"Niishie mlangoni?"

"Mezani. Baba akiwepo."

Ivano alikuwa amekaa Cerda vya kutosha kujua. Kijana akila Jumapili kwa wazazi wa msichana, mtaa mzima unauliza tarehe ya harusi.

"Nije na nini?"

"Na mama yako."

Ivano akazima lori, akashuka, akaenda baa kupiga simu Modena. Safari hii hakumpigia bosi.