Kisanduku Kisicho na Mstari

Kisanduku kimoja hakikuwa na mstari.

Mama Pacha alikitazama, akasogeza kiti, akakitazama tena. Yeye na mdogo wa mumewe, ambaye watu walimwita Kobe kwa kuwa alichapa kwa kidole kimoja, waliishi kwa kupekua programu za watu na kutafuta makosa. Chombo chao hakikusoma programu kama ilivyoandikwa. Kwanza kiliivunjavunja, kisha kikaijenga kwa umbo la kati, ambalo si maandishi tena na si mashine bado: mchoro wa visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Kila kisanduku kilibeba namba ya mstari wa programu kilikotoka.

Hiki hakikutoka popote. Mishale ilikiingia kutoka kila upande, na hakuna hata mmoja uliotoka.

Programu yenyewe ilikuwa ya mashine ya kukunja mabati, iliyomuua mtu kiwandani. Fundi wa kiwanda aliyeileta alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia magotini. Ndiye aliyemtoa marehemu mle ndani, na tangu siku hiyo alizungumza chinichini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Kifute," Kobe alisema.

Mama Pacha akakifuta, wakajenga mchoro upya. Kikarudi na mishale mingi zaidi.

"Labda chombo chetu ndicho kibovu, shemeji."

"Chombo nimekitengeneza mimi. Ubovu wake naujua kama meno ya wanangu."

Kobe akacheka. Kicheko hakijaisha, chumba kikanuka nywele zilizoungua. Ilikuwa mchana, jua limejaa dirishani, na barabarani mtu alikuwa akiosha gari. Ndani ya ukuta kukasikika *khu*, chuma kizito kikishukia chuma.

Fundi akasimama. "Sauti hiyo naijua," alinong'ona. "Zimeni hiyo kompyuta."

"Ngoja," Kobe alisema, ameinamia skrini. "Humu ndani kuna kitu kimeandikwa. Kidogo sana." Akakigusa kisanduku kwa kidole chake kile kimoja.

Alipogeuka, uso ulikuwa wake lakini hakuna aliyekuwa akiutumia. Akatembea taratibu hadi mlangoni, akapachika mkono wa kushoto penye bawaba, na kwa mkono wa kulia akaubamiza mlango, *khu*, akaufungua, akaubamiza tena, damu ikirukia ukutani, vidole vikipondeka kama miwa, na yeye hata kope hapepesi.

"Mnanitafuta kwenye maandishi," ilisema sauti nzito kinywani mwake. "Wengine wananitafuta kwenye chuma. Mimi nakaa katikati. Leo mmenichorea nyumba."

Mama Pacha akamkumbatia kiunoni amvute, naye akamkamata nywele, akamkokota hadi penye kabati na kuanza kukisukuma kichwa chake katika ule mwanya kati ya kabati na ukuta, akisukuma bila hasira, kama mtu anayepakia mzigo, mpaka sikio lake likachanika na akaanza kuona giza, ndipo fundi alipomrukia Kobe mgongoni, wakaanguka wote watatu, na katika kuviringishana kule fundi akapoteza kidole gumba, ambacho Kobe alikitema chini ya meza.

Walimfunga kwa nyaya za kompyuta. Fundi, mkono ameufunga kwa shati, akampigia mama mkwe wake, mganga, aliyekaa mtaa wa pili. Alifika na kandambili zake, akamtazama Kobe anavyofurukuta, akauliza jambo moja tu.

"Kimeingilia wapi?"

Mama Pacha akamwonyesha skrini.

"Nikimsomea yeye peke yake, kitakimbilia humo, kesho kitarudi. Nyumba yake inabomolewaje?"

"Haifutiki." Mama Pacha akavuta kiti mbele ya skrini. "Ila kisanduku kisichofikiwa na mshale wowote, chombo chenyewe hukihesabu kimekufa, kinakitupa."

"Basi kata mishale. Mimi nasoma."

Akakata wa kwanza. Nyuma yake mfupa ukalia, *ka*, na Kobe akapiga ukelele. Akakata wa pili, mfupa mwingine. Mganga alisoma bila kuinua sauti, ukuta ukigonga, ile harufu ya nywele ikizidi hadi macho yakawatoka machozi, na kila mshale ulipokatika kitu kilivunjika mwilini mwa yule kijana aliyeshika pete siku ya harusi ya Mama Pacha, mbavu, kisha mkono, kisha mguu, mpaka ukabaki mshale mmoja, uliotoka kwenye mstari ambao kazi yake ilikuwa kuisimamisha mashine mtu akiwa chini yake.

"Shemeji." Sauti ilikuwa ya Kobe kabisa. "Nakuomba, acha. Nakufa, shemeji. Watoto wataniulizia kwako."

Mama Pacha akaondoa kidole. "Mama, huyu ni yeye."

"Kinajua kuiga," mganga alisema. "Kata."

Akakata.

Ukuta ukanyamaza. Kisanduku kikatoweka kwenye mchoro. Kobe akalegea ndani ya nyaya, damu ikimtoka puani, akipumua.

Hospitali walimkata mkono wa kushoto na kumfunga plasta sehemu zilizobaki. Alipoweza kuzungumza, Mama Pacha alikuwa kando ya kitanda akimlisha uji kwa kijiko.

"Pole, shemeji," alisema. "Lile jini lilikuiga sauti. Karibu niache."

Kobe akameza.

"Lilikuwa limekwisha kunitoka kabla ya mshale ule wa mwisho," alisema. "Uliyemsikia ni mimi."

Mama Pacha akachota kijiko kingine, lakini hakujua akipeleke wapi.